Nani Atawajengea

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kusema sitaki mtu ayasikie nusu halafu nusu nyingine ajijazie mwenyewe. Kifungua mimba wangu, kaa hapa kitandani unishike mkono. Wewe mwanangu wa kiume vuta kiti cha cherehani ukae, usinisimamie kama askari wa zamu. Na wewe kitinda mimba, futa machozi, huu si wakati wake. Daktari amesema yake nami nimemwelewa. Mapafu ndiyo yaliyochoka, kichwa changu kiko palepale.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, haiuzwi, haigawanywi, na hati yake iko kabatini chini ya mashuka ya wageni. Cherehani ni ya kitinda mimba, kwa sababu ndiye pekee anayeisafisha bila kuambiwa. Hayo yamekwisha. Neno langu la leo ni juu ya ile nyumba nyingine, ile mtakayoijenga nusu ya nyuma ya kiwanja ili dada yenu mkubwa na wanawe watatu waache kulala wakiwa wamepangana kama vitabu. Akiba ya kuijenga nimeiweka kidogo kidogo kwa cherehani hii, na inatosha. Kinachonikosesha usingizi ni nani atakayewajengea. Nimesikia, mwanangu, kwamba umeshampa neno ndugu yako, mtoto wa baba yenu mdogo, kwamba atajenga yeye. Usiinamishe kichwa, sikugombezi. Nisikilize kwanza nyumba hii ilivyosimama, maana mlikuwa wadogo na mengi niliwaficha.

Baba yenu alipofariki tulikuwa tukiishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya pikipiki, tukiamka na moshi na kulala na moshi. Kiwanja hiki kilikuwapo, kimejaa majani hadi kifuani. Matanga yalipomalizika, baba yenu mdogo akaniletea mkandarasi, rafiki yake. Mtu mwenye viatu vya kung'aa na tabasamu lisilochoka. Kila nilipouliza swali alinijibu, "Shemeji, wewe lala usingizi, hii kazi niachie mimi." Nami nilikuwa mjane, nimechoka, nikaona usingizi ni kitu kizuri sana. Sikumuuliza amewahi kumjengea nani. Sikuandikiana naye hata mstari mmoja, maana baba yenu mdogo alisema kuandikiana ni kumtukana mgeni wake.

Wakachimba msingi. Tulikuwa tumesemezana kwamba mtaro uende chini hadi kiunoni, kwa sababu udongo wa hapa ni mweusi, ukinyeshewa unavimba na ukikauka unapasuka. Siku moja nikapita asubuhi kabla ya kwenda dukani kwangu, nikawakuta wanajiandaa kumwaga zege. Nikautazama ule mtaro, macho yangu ya ushonaji yakakataa. Nikavua viatu, nikakunja gauni, nikashuka, nikatoa futi yangu ya kupimia wateja shingoni nikapima. Ulikuwa umefika magotini. Nikasogea mbele, nikapima tena, magotini. Kwenye kona ya chumba ambacho sasa ni cha mwanangu wa kiume haukufika hata hapo.

Yule bwana alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji," akasema, "nyumba haipimwi kwa futi ya kushonea magauni." Vibarua nao wakacheka kumfurahisha. Nikiwa mle shimoni, tope limenifika vifundoni, nikamwambia, "Gauni likibana mteja analirudisha. Nyumba ikinidondokea mimi na watoto, nitairudisha wapi?" Nikaamuru kazi isimame siku ileile.

Baba yenu mdogo alikuja jioni akiwa amefura. Akasema nimemwaibisha mbele ya rafiki yake. Mimi nami, nisiwadanganye, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama anaupenda ule msingi akauchimbie kaburi lake. Tangu siku hiyo hajaketi ndani ya nyumba hii. Mmekuwa mkimwona akija kwenye misiba na harusi zetu, anasimama getini, anatoa mkono, anaondoka. Mmekua mkidhani ndiyo tabia yake. Sivyo. Ni maneno yangu.

Nipe maji kidogo, mama. Ahsante. Hapana, mniache niseme, nikinyamaza kikohozi kinapata nafasi.

Nikaanza kutafuta mtu mwingine, na safari hii nilitafuta kwa miguu yangu. Kila nilipoona nyumba yenye miaka mitano au sita imesimama wima, nilibisha hodi. Niliwauliza wenye nyumba mambo ya kijinga: mlango wa chooni unafungika bila kusukumwa kwa bega? Mvua ikipiga upande, maji yanaingia wapi? Fundi alipomaliza kazi, ukimpigia simu alipokea? Mkitaka kumjua mjenzi, wanangu, msiniambie habari za ramani nzuri na picha, mwulizeni mwanamke anayepiga deki nyumba hiyo kila siku. Wanawake watatu walinitajia mtu mmoja, na wote watatu hawakulijua jina lake. Walimwita Rudia.

Aliitwa hivyo kwa sababu ndilo neno alilolisema zaidi kazini. Fundi akipanga mstari wa matofali ukapinda upana wa unyasi, Rudia hakufoka wala hakutukana. Aliweka pimamaji juu yake, akatazama, akasema, "Rudia," akaenda zake. Alikuja hapa, mtu mfupi mwenye kofia iliyochakaa, akauzunguka ule msingi, akipiga magoti kila kona na kuupima. Mwisho akasema, "Mama Cherehani, huu unafukuliwa upya wote. Kama hutaki, sina kazi hapa, na wala sikulaumu." Nililia, lakini nililia nikiwa nimeshakubali. Tukaandikiana. Kila hatua na wakati wake, kila hatua na malipo yake, na niliposema kiunoni aliandika kwa sentimita. Akanisomea yote kwa sauti, kisha akaniambia nimsomee yeye, ili ajue nimeelewa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo sijawahi kumwambia mtu ndani ya nyumba hii.

Kuta zilikuwa zimepanda, mawingu ya masika yameanza kujikusanya, nami nilikuwa na haraka ya kuezeka. Chumba cha kushonea, hiki tulichomo, nilikiona kina giza. Siku ambayo Rudia alikwenda kuchagua mbao, nikamfuata fundi mwashi wake, nikamwambia alipanue dirisha, alivute mpaka karibu na kona. Yule kijana alisita. "Mkubwa hajasema," akanijibu. Nikamwambia, "Nyumba ni yangu au ya mkubwa wako?" Akapanua. Linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha, ilikuwa imemwagwa kwa dirisha dogo na haikufika kwenye upana mpya, na mimi wakati ule sikujua hata linta ni nini. Nilijua mwanga tu.

Baada ya siku mbili nilikuja nikaukuta ukuta mzima wa chumba hiki uko chini, kifusi, na Rudia amesimama juu yake. Damu ikanipanda kichwani. Nikakumbuka yule wa viatu vya kung'aa, nikasema ni walewale tu. Sikuuliza, wanangu. Mbele ya mafundi wake wote, mbele ya majirani waliotoka kuchungulia, nilimwita mwizi. Nilisema anajenga na kubomoa ili azidi kunila. Akakunja timazi lake, ile kamba ya kunyooshea kuta, akalitia mfukoni, akavaa kofia, akaondoka. Mafundi nao wakakusanya vyombo vyao mmoja mmoja wakamfuata.

Yule kijana mwashi ndiye aliyebaki nyuma kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyenieleza. Ufa ulikuwa umetoka kwenye kona ya dirisha langu mpaka juu. Mkubwa wake alimwuliza nani kaagiza, naye kwa kuniogopa akasema alikosea mwenyewe. Rudia akaubomoa ili kuujenga upya kwa gharama yake, bila kunidai senti. Nikakaa juu ya kile kifusi.

Nilikwenda kwake kesho yake mchana. Nilimkuta uani ananoa mwiko wa kujengea, mkewe akaniwekea kigoda, yeye akaendelea kunoa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba dirisha niliagiza mimi. Akasema, "Ulinitukana nyumbani kwangu?" Nikasema hapana. "Basi huku umekuja kufanya nini?" Nilielewa. Asubuhi iliyofuata niliwaita mafundi wote, na wale majirani niliwaita pia, mlango kwa mlango. Nikasimama mbele ya ukuta ulioanguka nikasema kosa ni langu na mtu huyu si mwizi. Lakini kwa aibu sauti ilitoka kama ya mbu. Rudia alikuwa amesimama kule mwisho, mikono nyuma. Nilipomaliza, akanitazama vilevile kama anavyotazama mstari wa matofali, akasema, "Rudia."

Nikarudia! Nilipaza sauti hadi watu wa mtaa wa pili wakatoka. Mafundi wakaangua kicheko, mimi nikacheka nikilia, na yeye, mara ya kwanza tangu nimjue, akaonyesha meno. Kisha akavua kofia akaniambia, "Mama Cherehani, mwanga ungeniomba mimi ningekupa." Na alinipa. Mnaliona dirisha hilo. Masika matatu ya mwanzo nililala nikisikiliza ukuta huu, baadaye nikaacha, maana haukuwa na la kuniambia.

Kwa hiyo, anayejenga aambiwe na mtu mmoja tu. Kati yenu watatu atakayesema naye ni dada yenu mkubwa, na nyie wawili mkiwa na lenu mwambieni yeye, msimfuate fundi kichochoroni. Msikae mbali na kazi mkajifanya wakubwa, na pia msimkalie fundi mabegani. Mkikosea, ombeni radhi palepale mlipokosea.

Sasa, mwanangu, habari ya ndugu yako. Alikuja kunijulia hali wiki iliyopita, na sikumficha kwamba nimesikia. Nikamwambia, "Nionyeshe nyumba uliyojenga." Akasema, "Mama mkubwa, huniamini?" Nikamwambia nakuamini, ndiyo maana nakuuliza. Akatoa simu, akanionyesha picha, sebule nzuri, vigae vinang'aa, pazia la kijani lenye mikunjo mitatu-mitatu na vishada viwili vya kahawia. Nikalitazama sana lile pazia. Nililishona mimi. Lilinipa kazi ya siku nne, na nilikwenda kulitundika mwenyewe, na mjenzi wa nyumba ile nilikutana naye mlangoni akipima ngazi. Ni binti wa Rudia.

Sikupiga kelele. Nilimwambia tu, "Kishada cha kushoto kiko chini kidogo kuliko cha kulia, mwenye nyumba aliniharakisha." Mtu mzima na ndevu zake akairudisha simu mfukoni. Akaniomba nisimwambie baba yake, nami nikaahidi. Nawaambia ninyi kwa sababu ninyi ndio mtakaojengewa, na jambo hili litoke kwenye chumba hiki likiwa limefungwa mdomo. Asichekwe wala asitengwe. Nimemwombea kazi kwa binti wa Rudia, kazi ya chini kabisa, ya kuchimba na kupanga, na binti amekubali kwa masharti yake. Akivumilia atakuwa fundi kweli. Mwanangu, ukamwambie wewe mwenyewe kwamba neno ulilompa umelitengua. Mtazame usoni, usimtumie ujumbe wa simu.

Na baba yenu mdogo, nendeni kwake nyote watatu. Mwambieni shemeji yake amesema lile neno la kaburi alilisema kwa hasira, na kwamba alijuta usiku uleule, ila kiburi kikamzuia miaka yote hii. Siku ya kunizika asisimame getini. Mumshike mkono mumwingize sebuleni, mumpe kiti cha mbele. Akikataa, mrudi tena siku nyingine.

Nilazeni kidogo... hapo, hapo panatosha.

Binti wa Rudia alikuja juzi mkiwa makazini. Baba yake alikwishatangulia, Mungu amrehemu. Niliuliza nyumba tano alizojenga, nikamtuma kitinda mimba akabishe hodi zote, ndiyo maana siku ile alirudi amechoka. Mlango wa chooni unafungika, mara tano. Mkataba ameuleta, nimeusoma kwa miwani na bila miwani. Mkitia sahihi leo, mtaro unaanza kuchimbwa kesho, na zege la msingi litamwagwa Jumatatu.

Sikilizeni vizuri hapa. Zege likishaanza kumwagwa halikatizwi, likikatizwa linaacha mshono, na mshono ndio mlango wa ufa. Kama nitaondoka Jumatatu hiyo asubuhi... msiwasimamishe mafundi. Nifunikeni, fungeni mlango huu, mmoja wenu akae nami, wawili waende wakasimamie mpaka karai la mwisho la zege. Kisha mje mlie. Sitaona vibaya. Nitakuwa nimelala tu.

Mungu awalinde, wanangu. Awape kuta zilizonyooka na... na ndimi zisizo na haraka. Watoto wenu wakimbie humo ndani hadi wawachoshe. Msigombane juu ya vyumba. Mkigombana, mpatane kabla chai haijapoa. Nimewasamehe yote, hata yale mnayodhani siyajui, na mimi mnisamehe.

Basi. Pumzi imekwisha. Yule binti yuko barazani tangu saa nne, ana kalamu... anataka sahihi tatu. Nendeni. Msimwache mtu wa kazi akingoja.