Maisha ya Polikarpo Nikodemu Chilumba, Mchoraji wa Mtoni (1950–1980)

Polikarpo alizaliwa tarehe 23 Februari 1950 katika kijiji cha Nambunga, Masasi, mtoto wa pili wa Mzee Nikodemu na Mama Eufrazia. Kaka yake, Albano, anayesoma maneno haya, ndiye aliyembeba mgongoni mama alipokwenda shamba.

Alianza shule ya misheni mwaka 1958. Alichora ukutani kwa mkaa, akachapwa, akachora tena. Julai 1972 alichaguliwa kuingia Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusomea mawasiliano na usanifu wa michoro. Albano, aliyekuwa karani bandarini, alimpa chumba nyumbani kwake Mtoni, Temeke. Majirani walishangaa: “Hivi kuchora nako kunasomewa?” Naye aliwajibu kwa upole, “Asiyejua kusoma naye ana haki ya kuelezwa, mama.”

Mwaka 1974 bango lake la kuhimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa lilishinda mashindano ya wanafunzi, likachapwa na kupelekwa mikoani. Albano alilibandika sebuleni na kumwonyesha kila mgeni. Desemba, Polikarpo alipokwenda likizo Nambunga, hakuikuta nyumba yao. Ilikwishabomolewa, wazee wakahamishwa mvua zikianza, na Mzee Nikodemu alifariki kwa kichomi kabla kibanda chao kipya hakijaezekwa. Barua ya msiba ilipishana na mwanawe njiani. Bango lilikuwa limepigiliwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Mama alilitazama, akasema, “Mwanangu, hawa uliowachora wanacheka. Sie hatukucheka.”

Kazi yake ya mwisho chuoni ikawa michoro kumi na miwili ya uhamisho ule, kama mama alivyomsimulia. Mwalimu wake, aliyempenda, alimsihi alete mingine, kwani hiyo chuo kisingeipokea. Polikarpo alikataa, na Februari 1975 akarudi Mtoni na sanduku lake, bila shahada.

“Sie tumejinyima ukasome,” Albano alimfokea mbele ya wapangaji, “wee unatupa shahada kwa ajili ya picha?”

“Kaka, nikipeleka nyingine, mama nitamtazamaje?”

Siku ile ile alihama. Ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa miaka mitano.

Alijipatia riziki Tandika kwa kuandika vibao vya maduka. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Bernadeta, muuguzi wa zahanati, wakajaliwa Anjelina na Nikodemu. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1978, Bernadeta alimwomba achore bango la kuchemsha maji. Anjelina ndiye aliyekaa mbele yake achorwe na kikombe, lakini hakutulia mpaka alipopewa andazi. Ndiyo maana mtoto wa bango lile ana kikombe mkono mmoja na andazi lililomegwa mkono wa pili. Akina mama wa Tandika walilielewa bila kusomewa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, miguu ikavimba, akashindwa kupanda ngazi za kuandikia vibao. Machi mwaka huu alilazwa hospitali. Bernadeta ndiye aliyemfuata Albano kazini: “Shemeji, njoo, siku hazingoji.” Albano alikwenda. Polikarpo alijiinua kidogo kitandani, akasema, “Shikamoo kaka.” Waliongea habari za mvua, mama na watoto. Neno la radhi Albano alikuwa nalo mdomoni, akaona haya kulisema mbele ya wagonjwa, akaahidi kurudi kesho. Kesho yake, tarehe 17 Aprili 1980, saa nne asubuhi, Polikarpo alifariki. Albano alifika saa tano. Neno lile analisema leo, mbele yenu nyote: mdogo wangu, nisamehe.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, kaka, na mama yake mzazi. Mama Eufrazia amekwama ng'ambo ya Rufiji, barabara imefungwa na mafuriko, nasi tumeshindwa kumsubiri. Simu ya maandishi tuliyompelekea inasema Polikarpo ni mgonjwa. Tunawaomba, atakayetangulia kumpokea asimwambie neno. Mwacheni Albano amwambie.

Mungu ampokee Polikarpo, ampe pumziko lenye amani. Amina.