Kwa Nini Levi Walubengo Anazikwa Sirisia

Mchungaji, chifu wetu, wazee, akina mama mliokesha na sisi, na nyinyi wageni mliotoka Kitale kwa barabara ile mbovu, Bwana asifiwe. Mimi ni Nekoye, dada yake marehemu, ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma, ila kuna mahali nitaiweka karatasi chini niseme tu, kwa hivyo mnivumilie.

Ndugu yetu Levi Walubengo alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika boma hili hili la Sirisia, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu, akapashwa tohara Agosti 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1958, na kwa vile alipenda ng'ombe kuliko watu, na mama alimwambia hivyo mara nyingi, akaenda kusomea utunzaji wa mifugo, na mwezi wa Februari 1963 serikali ikamwajiri Kitale kama msaidizi wa mifugo, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu mwaka 1996.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa kanisani na Phelista Nakhungu wa Kanduyi, yule mnayemwona hapo mbele amejifunika leso, na Mungu akawajalia watoto watatu, Tonny, Nelima na Wakhungu. Tonny baadaye alimwoa Sally, na Sally nitamtaja tena, kwa ruhusa yake mwenyewe.

Mwaka 1971 Levi alijiunga na familia nyingine, baadhi zetu za Bungoma na baadhi za kutoka Nyeri na Murang'a, wakanunua kwa pamoja shamba la mzungu karibu na Kitale, shamba lenye bwawa kubwa la kumwagilia mboga, na juu ya bwawa, kwenye mteremko, kulikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Josho lilikuwa juu na maji yalikuwa chini, tena kulikuwa na mtaro wa kuunganisha hivyo viwili, na hakuna aliyeona shida. Levi, kwa sababu alikuwa mtu wa mifugo, alipewa josho alisimamie, na mzee Zachary Ngige, rafiki yake mkubwa, akawa mwenyekiti wa kamati.

Hapo sasa naweka karatasi chini. Kila mwaka dawa ilipochoka, josho lilimwagwa, maji yakashuka kwa mtaro mpaka bwawani, na tope lililobaki chini watu waligawana. Levi ndiye aliyewafundisha kwamba ukiweka tope hilo kwenye kitalu cha kabeji, vidudu vinavyokata miche vinakufa, na ni kweli vilikufa, na kabeji za shamba lile zilijulikana sokoni mpaka Bungoma. Siku ya kugawa tope mbuzi alichinjwa, nyimbo zikaimbwa, na wilbaro ya kwanza ilipewa bibi arusi mgeni wa mwaka huo, iwe baraka ya bustani yake ya kwanza. Mwaka 2001 bibi arusi huyo alikuwa Sally, na aliyemsukumia wilbaro ni baba mkwe wake mwenyewe, akicheka, maana nilikuwepo na niliona.

Bustani ya Sally ilikuwa kando ya bwawa, alilima huko na maji ya kupikia akachota huko. Mwaka 2003 bata walianza kufa, kambare wakaelea juu ya maji, na vyura wakanyamaza, na Sally aliharibikiwa mimba ya kwanza, na mwaka uliofuata ya pili. Hakuna daktari aliyesema ni ile dawa, wala mimi siwezi kusema, lakini mtu wa maji alikuja kutoka mjini, akapima maji na udongo, akarudi na habari kwamba dawa ya kupe imejaa kote kuwili, na kutoka siku hiyo Levi hakula tena kabeji, wala hakumtazama Sally usoni. Sally alimwambia mara ngapi kwamba hamlaumu, lakini wapi, hakusikia.

Mwezi wa Aprili 2005 aliitisha mkutano, akawaomba wafunge mtaro, waache tope, na josho lihamishwe. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Ni mimi niliwafundisha hii kitu, na niliwafundisha vibaya." Mzee Ngige akamjibu, "Levi, ulitufundisha tukashika. Sasa tushike gani?" Watu wakacheka, mkutano ukaisha, na mwaka huo josho likamwagwa kama kawaida na mbuzi akachinjwa. Kilichomuumiza ndugu yangu si kicheko, ni kwamba walimwamini sana alipokosea, na alipopata ukweli hawakuwa na haja naye. Tangu hapo yeye na Ngige hawakusalimiana, watu waliokuwa wakinywa chai pamoja kila Jumapili.

Kamati ilisema hakuna ardhi ya kuhamishia josho, kwa kuwa kila shamba linateremkia bwawani. Levi akawatumia Tonny awaambie wachukue ule uwanja wa nyuma ya nyumba yake, ndio peke yake unaoteremkia upande mwingine, na hawakujibu. Sasa uwanja huo, wazee mnajua, ndipo mwenye boma huzikwa. Mwaka huu ugonjwa wa sukari ulipoingia kwenye figo, akalazwa Kitale mwezi wa Mei, kisha akaletwa Bungoma mwezi wa Julai, aliniita karibu na kitanda akasema, "Nipelekeni kwa baba. Mkinizika kule uwanjani, hawatachimba josho." Akatuacha alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Agosti 2006.

Basi nyinyi mnaoulizana njiani kwa nini mtu mwenye shamba lake Kitale anazikwa Sirisia kama asiye na kwake, jibu ni hilo. Hakufukuzwa, na mkewe hakumkataa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Bungoma, wenzake wa kazi ya mifugo, waumini wa kanisa, na majirani wa Sirisia waliopika na kuchota maji tangu Ijumaa. Tunamshukuru pia mzee Ngige, ambaye Jumanne alikwenda na kamati kwenye ule uwanja, wakapima, wakapiga vigingi, na jana wakaanza kazi. Mzee, asante, nasema kwa moyo wangu wote, lakini ndugu yangu alilala hospitalini miezi mitatu, kila mlango ukifunguliwa anageuza kichwa akidhani ni wewe, na neno hilo moja, kwamba mmekubali, ungekuja kumwambia akiwa na masikio ya kusikia.

Levi, mtoto wa mama yangu, wameanza kuchimba. Pumzika kwa amani.