Kofia Njano Nyumbani kwa Fundi Inayat

Kama hulijui baraza la mbele ya jiko la chai la Pahalwani, basi wewe Lahore ulipita tu, hukufika. Saruji laini kama shavu la bwana harusi, na ukingoni, kwa herufi zilizochorwa kwa msumari kabla haijakauka: TARI INJINIA, 14 AGOSTI. Uinjinia wenyewe Tari hajausomea. Shule aliikimbia darasa la saba, kazi yake pikipiki. Lakini baraza alilijenga yeye, kwa mikono hii hii, na mbishi asome jina. Jumanne hiyo asubuhi walikuwa wamelikalia watatu: Tari mwenyewe, miguu kaitawanya kama mwenye mtaa, Wakili, mzee anayewaandikia watu malalamiko nje ya mahakama na ambaye ndani hajawahi kuingia, na Fundi Inayat, mshona nguo, mwenye nyumba ya mwisho kichochoroni, kashika kikombe na wala hanywi.

— Kunywa, Fundi, chai haijakukosea, — alisema Pahalwani akikoroga sufuria. Mieleka aliacha zamani, kifua tu ndicho kilichokataa kustaafu.

— Imerudi tena.

— Nini?

— Unauliza kitu unachokinusa?

Kweli walikuwa wanakinusa. Adabu tu ndiyo iliyowazuia kusema.

— Si Kofia Njano walisema wamemaliza? — aliuliza Wakili.

Kofia Njano ndio wale wa kampuni ya mabomba: gari jipya, sare zimepigwa pasi, kofia za njano vichwani kana kwamba wanakwenda kuchimba dhahabu.

— Wamemaliza, ndiyo. Wamemaliza choo, wamemaliza jiko, wamemaliza ua. Nyumba nzima hakuna pa kuweka kiti kikasimama. Na maji machafu yanapanda vile vile, tena sasa yana nafasi ya kutosha.

— Kamera walitia?

— Walitia. Wakaniita kwenye kioo, wakanionyesha mizizi. Eti mizizi imejaa kwenye bomba langu.

— Mizizi ya mti gani?

— Ndivyo nilivyouliza mimi.

Wote wakageuka kutazama kichochoro. Nyaya za umeme, nguo za watoto, pikipiki tatu. Mti wa karibu uko makaburini, ng'ambo ya barabara kuu.

— Umeonyeshwa bomba la watu wengine, Fundi, — alisema Tari. — Ile ni picha wanatembea nayo. Asubuhi kwako, jioni kwa mwingine.

— Hilo nalijua leo. Siku ile nilisema haya, vunjeni.

Kila mtu hapo aliijua marumaru ya ua ule. Marehemu mkewe aliichagua jiwe kwa jiwe, akilikataa hili kwa doa na lile kwa ufa, mpaka muuzaji akawa anajificha akimwona. Kofia Njano walipiga nyundo siku moja, kabla ya adhuhuri hakukuwa na jiwe zima.

— Na hina ya binti yako Rubab ni Ijumaa, — alisema Pahalwani polepole.

— Ijumaa. Alitaka atiwe hina pale pale, kwenye ua wa mama yake. Hajaomba kingine mtoto yule, hata pete hajaomba. Jana kaja mama mkwe mtarajiwa. Kaingia, kaweka mtandio puani, hakuutoa mpaka anaondoka. Anasema afadhali hina ifanyiwe kwao. Binti akatiwe hina ugenini kama hana kwao! Nikamwambia mama, nipe siku mbili. Akasema tutazungumza.

"Tutazungumza" ya mama wa bwana harusi kila mtu anaijua.

— Kampuni wanasemaje?

— Simu wanapokea vizuri tu. Wakisikia sauti yangu mtandao unakata.

— Mimi nakwambia hawa walilitia tambara wao wenyewe, — alisema Pahalwani. — Wanaziba leo ili wazibue kesho.

— Tambara? Fikra ndogo hiyo, — Wakili alijiweka sawa kama yuko mbele ya jaji. — Hawa wako shirika moja na wauza marumaru. Nani anafaidika sakafu ikivunjwa? Niandike barua kurasa nne, nakala kwa mkuu wa mkoa.

— Barua yako itakwenda kuziba bomba jingine, mzee wangu, — alicheka Tari. — Nisikilizeni mimi ninayejua vyuma. Kuna mtu wa upande wa bwana harusi haitaki ndoa hii. Kawalipa Kofia Njano! Halafu ongezeni hili: mwezi ukiwa mpevu maji yote duniani yanavutwa juu. Harusi yenu mmeiweka mwezi mpevu. Hesabu hiyo mbona ndogo?

— Kwa hiyo mwezi unavuta kwa Fundi tu, kwako hauvuti?

— Kwangu unaniogopa.

Walicheka, hata Fundi alitaka kucheka, ikamshinda.

— Siku ya kwanza walikuwa na akili kidogo wale, — alisema. — Kijana wao mmoja, kabla hajashusha nyundo, aliuliza kama mtaa una chemba ya maji taka, aanzie nje. Akajibiwa hakuna, chimbeni ndani.

— Nani alimjibu?

— Sikumwona. Mlangoni palijaa watu. Nilisikia sauti tu.

Tari akapaliwa na chai. Akakohoa mpaka Wakili akampiga mgongoni.

Hapo ndipo Yaqub alipotokea, fimbo zake ndefu za mianzi begani, suruali kaikunja magotini. Ndiye anayeshuka kwenye mashimo ya maji taka ya mitaa hii, kama baba yake kabla yake. Pahalwani alinyoosha mkono ukutani bila kuangalia, akatungua kikombe kilichomeguka mdomo, kinachoning'inia peke yake kwenye msumari, akamimina. Hicho ni cha Yaqub. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi barazani, naye hakutarajia. Alikunywa kasimama.

— Nasikia kwa Fundi kumeharibika, — alisema.

— Wataalamu wameshindwa, wewe mianzi yako itafanya nini? — Tari alimrushia, lakini utani wenyewe ulitoka mwembamba.

— Sijasema nitafanya kitu, bwana. Nauliza tu. Hapa palikuwa na chemba. Mimi na baba tulikuwa tunaishukia kila mwaka kabla ya masika. Mstari wa Fundi unamwaga humo. Iko wapi siku hizi?

Pahalwani akaanza kufuta meza safi.

— Ule mfuniko uliibwa, — alisema Wakili. — Wala unga waliuuza chuma chakavu. Mwaka jana huo. Mtoto nusura atumbukie.

— Mfuniko wanaiba, ndiyo, — alisema Yaqub. — Shimo lenyewe je? Aliliiba nani?

Tari alikumbuka toroli sita za kifusi, matofali yaliyovunjika, mifuko mitupu ya saruji, vyote vimeshuka ndani ya shimo la chemba vikilia tubu, tubu. Akakumbuka mtaa mzima unampigia makofi, Pahalwani anagawa chai ya bure, na yeye kapiga magoti na msumari anaandika jina. Tena akaikumbuka sauti yake mwenyewe mlangoni kwa Fundi, juu ya vichwa vya watu: "Mtaa huu hauna chemba, chimbeni ndani, mimi injinia nawaambia!"

— Pahalwani, niongeze chai, — alisema.

— Imekwisha.

Fundi Inayat alikuwa ameinama. Alipitisha kidole kwenye herufi ukingoni, moja moja, kama anavyopima mshono. T. A. R. I. Alipofika mwisho alisimama, akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

— Inukeni, — alisema.

Wakili alitazama viatu vyake. Pahalwani akajishughulisha na jiko lililokwisha kuzimwa. Tari alikusanya miguu yake aliyoitawanya, akabaki kakaa.

— Nimesema inukeni. Leo Jumanne.

Yaqub alisuuza kikombe chake mwenyewe, akakitundika kwenye msumari wake, akaweka mianzi begani.

— Niko hapo kwenye kona, Fundi, — alisema. — Wakishainuka, niite.

Akaenda. Akafika kwenye kona, akachuchumaa kivulini, akawasha sigara, akaivuta mpaka kishungi. Barazani walikuwa bado wamekaa.