Wadudu Niliowafukuza kwa Kofia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na jicho hili la kulia, maana la kushoto lilishakufa zamani, nililichelewesha hospitali mwenyewe kwa ubishi wangu.

Mimi mzee wenu wa Kiseke shule niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa na fimbo, hayo tuyaache. Siku hiyo nimekaa zangu sebuleni nikaona wadudu, wale weusi wanaotanda kutoka ziwani kama moshi. Nikavua kofia, nikawapiga! Nikafunga madirisha. Wapo tu! Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Kulwa, unapigana na nani?"

"Huwaoni wadudu?"

"Wadudu gani? Msimu wao bado!"

Ndugu zangu, walikuwa ndani ya jicho! Kesho yake zikaja radi humo humo, halafu pazia jeusi likaanza kushuka. Nikalia, "Bwana, nimebaki na hili moja tu!"

Hospitalini daktari, binti mdogo kabisa, akaniamkia vizuri, akasema utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha umebanduka. Ataurudisha, kisha ajaze mafuta ya silikoni yaushikilie. Nikamuuliza, "Ya alizeti hayafai?" Alicheka!

"Hapana, babu. Na nikishakupasua, ulale kifudifudi. Mafuta hupanda juu kama kwenye mchuzi. Ukiinama, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu."

Mchuzi wa sato naujua, nikaelewa.

Nikainama! Kula nimeinama, kanisani nimeinama. Mkadhani nina dhambi kubwa! Mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Ungama tu, mwenzangu." Nikamwambia, "Nina mafuta jichoni!" Wiki zile nilikuwa naona ukungu na viatu vyenu tu.

Miezi ikapita, mafuta yakatolewa. Sioni kama kijana, lakini naona! Halafu juzi, wadudu tena, dirisha zima! Nikaita.

"Mama Kulwa, njoo! Na wewe unawaona?"

"Nawaona! Wamejaa mpaka kwenye ugali! Funga dirisha!"

Sikufunga! Nilipiga magoti katikati ya wadudu nikapaza sauti, haleluya!

Asante Bwana, asante na kwa yule binti. Ndugu yangu, ukiona wadudu asiowaona mwenzako, usibishe kama mimi. Nenda hospitali leo hii, na Bwana umtumaini hapo hapo kitandani, hata kama umelala kifudifudi. Anakuona. Amina!