Kumuaga Alban Trevaskis, Aliyebaki Nje Kengele Ikilia

Mheshimiwa Ormerod Slade, Mbunge wetu mpya, Mheshimiwa Meya pamoja na mama Meya, Mchungaji Nankervis, Ndugu Mwenyekiti wa tawi la Chama cha Wafanyakazi, wageni waalikwa, na ninyi wachimbaji wa Gulgarra mliokuja kwa ajili ya keki:

Anayesimama mbele yenu ni Jabez Pengelly, mtu ambaye bila yeye jimbo hili lisingekuwa na Bunge la maana. Waziri Mkuu mwenyewe, pamoja na kiburi chake chote, akipita hapa kwa treni huvua kofia upande wa nyumba yangu. Mkisema anajifuta jasho, semeni. Mimi ndiye niliyemlea Alban, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye mpaka leo analala nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kuhutubia. Nilimsimamisha mbele ya farasi wa mgodini nikamwambia aseme mpaka farasi aache kula. Siku farasi alipoacha kula, nikajua tumepata mbunge.

Leo mnampa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina jina lake na maneno ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka. Naomba kuuliza, ndugu zangu: kama utumishi wake ulitukuka, mbona mlimwondoa? Na kama haukutukuka, saa ni ya nini? Mnaniambia ni desturi, mbunge akitoka hupewa saa. Sawa. Hata mbwa anayefukuzwa hutupiwa mfupa kwanza, asije akabweka njiani.

Wengi wenu mnaijua habari yake nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyopiga kura. Mimi nitawapa nzima, maana nilikuwepo, roshani ya wageni, safu ya mbele.

Ulikuwa mswada wa maji. Mnaukumbuka: kila mashine ya kutobolea mwamba imwagiwe maji, ili vumbi lisituingie mapafuni. Nani hapa hana mtu anayekohoa nyumbani? Chama chetu kiliuleta, Waliberali wakaupinga, na Bunge lilikuwa nusu kwa nusu. Spika alikwisha kusema kwamba kura zikilingana, yeye atakuwa upande wa maji. Basi asubuhi ile Mheshimiwa Lucas Brereton, Mliberali, mwenye kondoo wengi kuliko nywele zangu, akamfuata Alban kwenye ujia, amejifunga shali shingoni, anahema.

"Kijana, ninakufa," akasema. "Nipe jozi."

Jozi, kwa ninyi msiozoea mambo ya Bunge kama mimi, ni ahadi ya mdomo. Wa upande huu akiugua, mmoja wa upande ule naye hapigi kura, na mizani inabaki ilivyokuwa. Haiandikwi popote. Watu wanashikana mikono, imetosha.

"Nenda ukalale, mzee," Alban akamjibu. "Mimi nitakuwa nje."

Kengele ya kura ikalia. Mnadhimu wa chama chetu, mchunga kura zetu, akaja mbio, akamkamata koti. "We Trevaskis, ingia, milango inafungwa."

"Nimempa mzee neno langu."

"Neno kwa Mliberali?"

"Neno ni langu mimi, siyo la Mliberali."

Akabaki verandani, anazungusha kofia. Na mimi kule juu, kwa macho haya, nikaona mlango wa pembeni unafunguliwa na Brereton anaingizwa juu ya kiti, amebebwa na wanaume wanne kama bwana harusi, mashavu mekundu, shali hana. Milango ikafungwa. Mswada ukafa kwa kura moja.

Chama kikamfukuza Alban, kwa kuwa alitia saini kiapo cha kupiga kura pamoja na wenzake. Alikivunja, sibishi. Alikuwa na viapo viwili na kengele moja. Nyie mngefanya nini?

Mheshimiwa Slade, usiinamie sahani, nataka kukusifu. Siku ile ulikuwa Mliberali. Ulikaa kulia kwa Spika ukapiga kura maji yasimwagwe. Kabla ya hapo hukuwa na chama, ulisema dhamiri ndiyo chama chako. Leo wewe ni wa Wafanyakazi, mwenzetu kabisa, na wino wa kiapo chako haujakauka. Watu wa tabia yako ni hazina: upepo ukigeuka, hatuna haja ya kutazama bendera, tunakutazama wewe. Mshika neno anapanda treni kesho kuihama Gulgarra, na wewe unakata keki.

Namsikia Ndugu Treloar kule nyuma. "Kaa chini, Jabez. Kaka yangu alikufa kwa vumbi hilo, na mpwa wako alikuwa verandani anapunga upepo."

Treloar, hilo ni kweli tupu. Alban naye analijua, ndiyo maana hajala. Ila aliyekuja juu ya kiti hamkumtukana hata siku moja, kwa sababu yuko mbali na huyu yuko karibu.

Basi tuamue kibunge. Wanaosema Alban abaki Gulgarra, na wako tayari kumpa mkono barabarani, wasogee kulia, kwenye piano. Wanaosema aende, kushoto, kwenye birika la chai. Nangoja.

Mnatazamana. Bi Chenoweth amesimama, anakwenda kwenye piano. Ahsante, mama. Mchungaji naye... la, Mchungaji anafuata mkate wa nyama. Treloar amekaa. Wote mmekaa. Bungeni hilo haliruhusiwi, mlango ukishafungwa lazima kila mtu aonekane yuko upande gani.

Alban ananivuta koti. "Mjomba, inatosha. Bi Chenoweth anatosha."

Haya, nakaa. Nawashukuru Meya, Mchungaji, kina mama waliopika, na wote mliovumilia kunisikiliza. Kilichobaki ni kidogo. Wiki nzima nimemsihi kijana huyu asiondoke, nikimwambia ni heshima ya ukoo, kwamba damu ya Pengelly haikimbii. Siyo heshima. Tangu mwamba uliponifunika kule shimoni, mimi silali gizani mpaka nisikie mtu anapumua chumba cha pili.