Kilo Thelathini za Torsten

Kwenye tramu ya Gothenburg, Uswidi, mzee Torsten, jina lake limebandikwa ubavuni mwa amplifaya yake ya gitaa la besi, alikuwa ameipakata kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Miaka ishirini naibeba, dada," alimwambia mwanamke wa pembeni, mpiga besi mwenzake. "Mgongo umekwisha, lakini inanguruma!"

"Ninayo kama hiyo. Niling'oa vyuma vyote vya ndani, siku hizi nabeba kasha tupu."

"Weee! Na jukwaani?"

"Fundi mitambo anachomeka waya wangu moja kwa moja kwenye spika za ukumbi. Hata waya wako huchomekwa huko huko, mzee wangu."

"Huo ni utapeli! Wenzako wanajua?"

"Wanasema sasa inanguruma vizuri zaidi."

Torsten alifoka vituo vitatu. Tramu iliposimama kituoni kwake, akajaribu kuinyanyua amplifaya, akashika kiuno, akamnong'oneza yule mwanamke:

"Ulifungulia bisibisi ya nyota, au bapa?"