Bi Rula na Mibuni ya Makundi Mawili

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Leo namkumbuka mtafiti wa kahawa aliyetutoka Jumanne iliyopita. Kazini walimwita Bi Rula. Niseme mapema: habari hii inaniudhi, na sitaficha.

Bi Rula alipima mibuni. Miaka kumi na tisa alipima mibuni. Urefu wa jani, upana wake, uzito wa buni, rangi ya kichipukizi. Kipimo kimoja hakitenganishi aina zinazofanana kama mapacha. Lakini vichukue vyote kwa pamoja, uvipigie hesabu, kila aina itajikusanya upande wake.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja alipima mibuni mia mbili arobaini ya shamba la mbegu. Yote ilisemekana ni aina moja, ile inayostahimili ugonjwa wa kutu ya majani. Hesabu ikatoa makundi mawili. Narudia: makundi mawili. Mbegu zilikuwa zimechanganyika.

Mkuu wa kituo cha utafiti hata karatasi hakuifungua. Akamwambia yeye anaijua mibuni kwa macho, tangu Bi Rula hajavaa sare ya shule. Bi Rula akaandika barua. Akaandika nyingine. Ya sita ilirudishwa kwa sababu pambizo lake lilikuwa jembamba. Pambizo, jamani. Miche ikagawiwa wakulima.

Binti yake anakumbuka mama akiweka begi mezani, hata viatu hajavua. "Jani moja laweza kunidanganya, mwanangu," alisema. "Majani elfu mbili hayawezi kula njama." Kesho yake akarudi shambani kupima upya, asije akawa yeye ndiye aliyekosea. Hakukosea.

Msimu wa nne kutu ikaingia. Mashamba yakapukutika. Ndipo watu wa kituo wakamkimbilia, naye ameshastaafu, magoti yanamsumbua. Hakumsimanga mtu. Alibeba madaftari yake, akarudi shamba la mbegu, akafunga utepe mwekundu kwenye kila mbuni wa ile aina halisi. Miche inayopandwa leo imetoka kwenye mibuni ile.

Na mazishini? Mkuu akasimama, akasema, "Tuligundua tatizo mapema." Tuligundua. Binti aliniambia alitaka kuinuka ajibu, baba yake akamshika mkono.

Kwa mzee wetu, mumewe, na kwako binti: poleni sana. Bi Rula alikuwa sahihi, na leo hilo limesemwa hadharani. Nasi wengine tujiulize. Ni nani kazini kwetu anayesema kweli wiki hii, na sisi tunangoja afe ndipo tumsifu?